Mawe ya Jiko la Akiru

Kabla hujafunga kamba ya kwanza kwenye kigingi, lala chini. Sisemi mzaha. Tandika gunia kama mchanga una miiba, ulale chali pale kitanda cha mwenye nyumba kitakapokaa. Nyoosha mikono. Geuka upande. Kichwa chako kikigonga kigingi, chumba hicho ni kidogo, hata kama karatasi inasema ni kikubwa. Nimejenga nyumba za watu kati ya Lodwar na Kakuma kwa zaidi ya miaka thelathini na sijapata kipimo kinachokishinda hicho.

Sikukipata kwa fundi. Nilikipata kwa mama yangu kule Namoruputh, nilipokuwa bado nachunga mbuzi. Kwetu Waturkana nyumba ni kazi ya mwanamke. Yeye hukata matawi, huyachomeka, huyapinda na kuyafunga, na akimaliza nyumba ni yake; mwanamume huingia kama mgeni aliyezoeleka. Tulipohamia mahali papya, mama hakuanza kwa kuchimba. Alijilaza mchangani, akatulaza na sisi kando yake mmoja mmoja. Halafu akainuka, sisi akatuacha pale pale tumelala, akatuzunguka akichora mstari kwa kisigino. Basi, nyumba imepimwa. Kaka yangu alipoanza kurefuka, mama alimtazama miguu siku ya kuhama akasema, "Huyu ameshatoboa ukuta." Nyumba iliyofuata ikawa pana zaidi.

Nyinyi vijana mnaotoka kwenye vyuo vya ufundi mna ramani ndani ya simu. Ni nzuri, sizidharau. Mmoja wenu alinionyesha nyumba inayozunguka kwenye kioo, unaiona mpaka chooni. Nikamuuliza, "Upepo unatoka wapi hapo?" Akaizungusha nyumba yake mara mbili, akacheka, akazima simu. Nilimpenda kwa kule kucheka. Wengine hukasirika.

Kamba na vigingi nilifundishwa na Mzee Wanjala, fundi aliyeshuka kutoka Kitale kuja Lodwar wakati nyumba za mawe hapa zilikuwa chache. Mimi nilikuwa nimeachia shule darasa la tano, nikawa nambebea kokoto. Alikuwa na kamba yenye mafundo, na kwa kamba hiyo alinifundisha kona: hatua tatu huku, nne kule, na zikikutana kwa tano kona yako ni ya haki, pembe mraba kamili. "Macho ni waongo, kijana," aliniambia akishusha uzi wenye kipande cha chuma kando ya ukuta. "Timazi haina rafiki." Ukuta wangu wa kwanza ulipinda kwa unene wa vidole viwili. Hakunigombeza. Aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta huo, akatazama, akaiondoa baiskeli, kisha akausukuma ukuta wote chini wakati simenti bado mbichi. "Nyumba ya mtu si daftari la kufutia," akasema, akaenda kunywa chai. Niliujenga tena.

Siku moja nilimweleza kipimo cha mama. Alicheka mpaka akakalia mfuko wa simenti. "Mama yako anajenga kichuguu. Mimi nafundisha nyumba." Nikarudi kubeba kokoto. Alikuwa mkubwa wangu, na ukweli ni kwamba miaka ile hata mimi nilizionea aibu nyumba za matawi. Niliiacha njia ya mama nikashika ya Mzee Wanjala peke yake, na hivyo ndivyo nilivyokuja kuharibu nyumba ya mwalimu.

Mwalimu huyo alikuwa Kakuma, upande wa mjini, karibu na barabara ya kwenda Lokichoggio. Alikuwa na kiwanja kidogo na ramani aliyoitoa kwenye gazeti la majumba: vyumba vitatu vya kulala na ukumbi mwembamba katikati. Niliijenga kama ilivyochorwa. Kona zote za haki. Nilijisifu. Mwezi wa joto nilipita kuwasalimu, nikaikuta familia nzima imetandika vitanda vya kamba nyuma, kwenye kipande cha ardhi kilichobaki, juu kabisa ya shimo la choo. Nyumba yangu ilikuwa imekula kiwanja chote. Nani huku kwetu hulala ndani ya mawe mwezi wa joto? Nilijua hilo tangu nizaliwe, na bado nilijenga kama mtu wa Kitale.

Mke wa mwalimu alinipa maji. "Fundi," akasema, "vyumba vyako ni vizuri sana. Mbuzi wanavipenda."

Nilichungulia. Mbuzi wawili walikuwa wamelala ndani, wamepoa kabisa.

Niliporudi kwangu niliwaza kwa wiki nzima. Tangu hapo nikaunganisha njia mbili: kamba ya Mzee Wanjala na mwili wa mama. Kwanza napanga mawe ya ukubwa wa ngumi juu ya ardhi, kila ukuta mahali pake, milango naiacha wazi. Naanza na pale familia itakapolala nje wakati wa joto. Nyumba inachukua kinachobaki. Kisha nawaambia wenyewe walete mikeka, sufuria, mitungi ya maji, kila kitu, waishi ndani ya mawe yale kutoka chai ya asubuhi mpaka jua lizame. Siku moja tu. Sheria ni moja pia: hakuna kuruka ukuta. Unapita mlangoni au hupiti.

Utashangaa mambo utakayoyaona. Familia moja ya Lodwar ilikuwa na babu aliyeletwa kutoka Nakalale. Alikuja na ekicholong yake, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa kwetu hukikalia mchana na kukiegemezea kichwa anapolala. Wajukuu walikuwa walinzi wa kuta. Babu akainuka, akatembea moja kwa moja kwenda kwenye kivuli.

"Babu! Umepita ukutani!"

"Ukuta gani?"

"Huo! Umevunja sebule!"

Akarudi kwa adabu, akatafuta mlango, akazunguka ukumbi, akapita chumba cha wageni, akatokea nje amekasirika. "Nyumba hii itaniua kabla ya njaa," akasema. Alikuwa sawa. Tulimfungulia mlango wa pembeni, hatua tatu kutoka kitandani kwake mpaka kivulini. Ingekuwa tumeshamwaga msingi, tungempa pole tu.

Mwingine ni Mama Achol wa Kakuma, mama wa kutoka Sudan Kusini, aliyejenga nyumba na duka pamoja. Alikaa ndani ya mawe yake mpaka adhuhuri. Halafu akaondoa mawe mawili kwenye ukuta wa nje wa chumba chake cha kulala.

"Mama, hapo ni chumbani," nikamwambia. "Mlango wa nje chumbani? Mwizi atakushukuru."

"Mwizi anachukua sufuria," akasema. "Mimi nilikimbia na watoto watatu, na mlango ulikuwa mmoja. Weka, fundi."

Niliweka. Ni wa chuma, una komeo kwa ndani, na fremu yake niliishushia timazi mara tatu. Sijawahi kunyoosha mlango kwa uangalifu kama ule.

Kwa hiyo mnaona, nilijua. Nilijua kwamba mwenye kuishi ndani ndiye mwenye ramani, na kwamba kwetu mwenye nyumba ni mwanamke. Niliwafundisha vijana wengi neno hilo. Sasa nitawaambia nilivyofanya nyumbani kwangu, kwa sababu wengi wenu mnadhani mzee anayefundisha ni mzee aliyefanya.

Mganga hajigangi. Miaka yote hiyo mimi na mke wangu Akiru tuliishi Lodwar katika nyumba ya udongo ya vyumba viwili, na watoto wetu wawili, Ekal na Regina, walikulia humo. Walipokuwa wakubwa na kazi zao, tukasema haya, sasa tujenge ya kwetu. Nilipanga mawe kwenye kiwanja chetu wenyewe, kando ya ile ya udongo. Sebule, vyumba vitatu, baraza pana ya kulalia mwezi wa joto. Hayo yote tulikubaliana. Tukashindana juu ya jiko.

Upepo wetu hutoka linakochomoza jua, mnaujua, na kazi yake ni kusukuma vumbi na moshi. Fundi yeyote atakuambia jiko likae nyuma, upande wa magharibi, moshi uende zake. Nililiweka huko. Akiru akalitaka kona ya mashariki, mbele, karibu na njia ya kwenda kwenye bomba la maji.

"Moshi wote utaingia sebuleni," nikamwambia.

"Acha uingie."

"Wageni watakohoa."

"Wageni wako wanakaa muda gani, fundi?" Aliniita fundi akinikasirikia. Siku nzuri niliitwa Baba Ekal.

Sikumwuliza kwa nini. Hilo ndilo kosa. Wateja niliwauliza, mke wangu nikamfafanulia upepo.

Wakati huo nilikuwa na kazi Kakuma, naondoka Jumatatu alfajiri kwa basi, narudi Jumamosi. Jumamosi ya kwanza nilikuta mawe ya jiko yamehama. Yote, yamepangwa vizuri kona ya mashariki, mlango umeachwa kama ninavyouacha mimi. Jumapili alipokwenda kanisani niliyahamisha, nikayarudisha magharibi. Aliporudi aliyatazama, akaingia ndani kupika. Jumamosi iliyofuata yalikuwa mashariki tena. Tuliendelea hivyo kwa miezi, huku mchanga na mawe ya msingi yanakusanyika polepole. Hatukugombana hata mara moja. Tulikula, tukacheka, tukazungumza habari za watoto, na jiko letu likawa linatembea. Wakati mwingine nilipokuwa ndani ya basi nilijikuta natabasamu nikiwaza litakuwa limefika wapi.

Halafu akaumwa. Mwanzo alisema ni uchovu. Nilirudi siku moja katikati ya wiki nikamkuta amelala mchana, naye si mtu wa kulala mchana. Nikaacha kazi ya Kakuma, nikakaa naye. Mawe yalikuwa upande wake wakati huo. Na mimi, niwaambie ukweli wote, siku alipokuwa amelala nililihamisha jiko. Mikono ilizoea. Nilijiambia akipona atalirudisha.

Asubuhi ya kwenda hospitali alikaa mlangoni pa nyumba ya udongo akingoja gari la jirani. Kutoka pale macho yake hayakuweza kufika nyuma ya kiwanja.

"Mawe yangu yako wapi?" akaniuliza.

"Yako pale ulipoyaweka."

"Umeyaacha?"

"Nimeyaacha."

Akanishika mkono. "Asante, Baba Ekal," akasema.

Hakurudi. Tulimzika kiwanjani, upande wa kusini, nami nilipanga mawe ya kaburi lake kwa mikono yangu, bila kamba.

Watoto walirudi baada ya miezi michache. Ekal alikuwa amewatafuta wachimbaji. Regina alikuja na kitambaa cha kichwa cha mama yake, amekifunga kama yeye. Walikuwa wamezungumza wao wawili njiani.

"Baba, tunajenga nyumba ya mama," Ekal akasema. "Hatubadilishi hata jiwe moja. Mawe si yapo?"

Mawe yalikuwepo. Jiko lilikuwa magharibi, pale nilipolipeleka mimi. Watoto hawakujua habari ya kuhamishana. Regina alikwenda akasimama katikati ya mawe yale, akayagusa moja moja. "Hapa ndipo alipotaka kupika," akasema.

Nilinyamaza siku tatu. Wachimbaji walianza na vyumba vya mbele, kwa hiyo nilikuwa na muda. Nilijiambia mambo mengi. Nilijiambia magharibi ni sahihi, na ni sahihi kweli. Vitabu vya ujenzi viko upande wangu. Nilijiambia kwamba kumwambia binti aliyefiwa kuwa ameshika mawe yasiyo ya mama yake ni ukatili. Nilijiambia Akiru amepumzika. Lakini kila nilipofumba macho nilisikia ile asante. Ilikuwa asante ya kitu ambacho sikukifanya, na bado nilikuwa nimeipokea. Nikiacha simenti imwagwe pale, uongo wangu utakuwa na msingi, na msingi haurudishwi.

Siku ya nne wachimbaji walihamia jikoni. Mmoja aliinua sululu.

"Ngoja," nikasema. "Hapa si kwa mama yenu. Hapa ni kwangu."

Ekal akadhani jua limenipiga. Nikawaambia yote: Jumamosi na Jumapili, mawe yanayotembea, mlango wa nyumba ya udongo na nilichomjibu mama yao. Nilisema nikiwa nimesimama, mbele ya wachimbaji, kwa sababu kama ningewaita faraghani ningepunguza kosa langu. Ekal akageuka akatazama barabarani. Regina alikuwa bado ameshika jiwe moja. Alilitazama kwa muda mrefu, akaliweka chini.

"Kwake ni wapi?" akauliza.

Nilitembea, nao wakanifuata. Lakini nilipofika kona ya mashariki sikuweza kusema kwa uhakika. Upepo ulikuwa umepitisha mchanga kwa miezi, hakuna mstari. Nilijua upande, sikujua hatua. Mimi niliyepima nyumba za watu nikawa nageuka geuka pale kama mtu aliyepoteza funguo. Nikapiga magoti nikaanza kukwangua mchanga kwa mikono, nikitafuta labda jiwe lililosahaulika.

Nikapata majivu.

Si machache. Tabaka jeusi limefunikwa vizuri na mchanga, mafiga matatu yamezikwa humo ndani, na ardhi chini yake imeungua ikawa ngumu kama tofali. Moto wa siku moja hauwezi kufanya hivyo.

Mama Lomuria, jirani yetu, alikuwa akipita kwenda bombani na mtungi wake. Akasimama kwenye njia, hatua nne kutoka nilipopiga magoti.

"Mnatafuta nini hapo jikoni?" akasema.

"Jikoni gani?" Regina akamwuliza.

"Si hapo kwa Akiru? Kila siku mzee akienda Kakuma alikuwa anawasha hapo. Tunateka maji, tunakunywa chai, tunaenda. Alikuwa anatuambia tupite mlangoni. Ukiruka mawe, hupati chai." Akacheka, kisha akakumbuka, akaweka mtungi chini. "Ijumaa anafukia majivu. Anasema Baba Ekal hajafika kuishi hapa bado."

Basi hivyo. Niliwaambia watu wengi waishi ndani ya mawe siku moja moja, mke wangu sikumpa hata siku moja. Akajipa mwenyewe. Aliishi katika nyumba yake kwa miezi, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa sheria yangu mwenyewe ya kutoruka ukuta, na mimi Jumapili nikamhamisha. Wala haikuwa siri kubwa. Ningemwuliza tu, "Akiru, ukipika utamwona nani?" angenijibu kwa neno moja: majirani.

Regina alipiga magoti upande wa pili wa majivu. Hakuniambia amenisamehe, na sikuomba aseme mbele za watu. Alisema, "Baba, funga kamba." Yeye alishika mwisho wa hatua tatu, Ekal mwisho wa nne, mimi nikashika kona, na kati yao tukapima tano. Kona ikatoka ya haki mara ya kwanza.

Kwa hiyo, vijana, hilo ndilo swali ninalowaachia mliongeze kwenye kamba na timazi. Ulizeni upepo, ulizeni maji ya mvua yatakapopita laga, ule mto mkavu, ikijaa, ulizeni kivuli. Halafu mkae chini na anayepika, mmwulize atamwona nani akiinua macho. Anzeni na wa nyumbani kwenu, angali anaweza kuwajibu.

Nyumba ilikwisha. Niliweka dohani ndefu nikiamini itasaidia, na imesaidia kidogo. Asubuhi upepo ukitoka mashariki moshi huingia moja kwa moja sebuleni, hupanda kwenye mapazia ya Regina, hukaa humo mpaka saa nne. Chai ninapika mimi. Wanawake wa bombani wanainywa na kuisema vibaya. Majani kidogo, maziwa kidogo, mzee anapika kama anachanganya simenti.

Juzi Mama Lomuria alisimama mlangoni pa jiko na mtungi wake, akapunga mkono mbele ya uso.

"Ejoka, mzee," akanisalimu. "Moshi gani huu?"

"Nilimwambia Akiru," nikamjibu.

"Na yeye alikuambia uuache uingie," akasema, akanyoosha kikombe.